Nani kasema mvinyo mtamu ni wa washamba?

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye hafla moja hapa mjini, zile ambazo sisi waandishi tunaitwa ili tuandike, halafu tunabaki ili tule. Mhudumu akapita na sinia. Nikamwomba mvinyo mweupe, ule mtamu. Jamaa niliyesimama naye akacheka mpaka watu wakageuka. "Kaka, mtamu ni wa akina dada. Mtu aliyestaarabika anakunywa mkavu."

Mnajua nilifanya nini? Nikabadilisha! Nikaunywa ule mkavu huku nimekaza uso kama mtoto aliyepewa kwinini. Kinachoniuma mpaka leo si kicheko chake. Ni kwamba nilibadilisha wakati ukweli nilikuwa naujua.

Nilikuwa naujua kwa sababu mwaka jana rafiki yangu aliyekuwa anasoma Bordeaux, Ufaransa, alirudi na chupa ndogo ya mililita 375. Mvinyo wenyewe ni wa rangi ya dhahabu, unaitwa Sauternes (sema "sotern", utaeleweka). Tuliugawana watu wanne, na kila mmoja akanyamaza kwanza.

Sauternes ni eneo dogo kusini mwa Bordeaux. Hapo mto Ciron, ambao maji yake ni ya baridi kwa kuwa unapita chini ya miti, unaingia kwenye mto Garonne wenye maji ya uvuguvugu. Majira ya vuli, asubuhi ukungu unafunika mashamba, mchana jua linaukausha. Ukungu huo wa hewani unaleta ukungu wa aina nyingine, ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika, ila huu unaota kwenye zabibu. Unatoboa ganda, maji yanatoka, sukari na ladha vinabaki. Zabibu inasinyaa, inakuwa na sura ya kitu cha kutupa. Hiyo ndiyo wanayoitaka!

Tatizo ni kwamba zabibu hazisinyai siku moja. Wavunaji wanarudi shamba lile lile mara kadhaa, wanachagua zilizo tayari tu. Pale Château d'Yquem, shamba maarufu kuliko yote, wanasema mzabibu mmoja unatoa glasi moja tu. Mwaka 2012 zabibu hazikuwaridhisha, wakaamua kutotoa Yquem kabisa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Na mwaka 1855, mvinyo wa Bordeaux ulipopangwa madaraja kwa ajili ya maonyesho ya Paris, mvinyo mweupe ulioingia kwenye orodha ulikuwa ule mtamu wa Sauternes na jirani yake Barsac. Yquem ikapewa daraja la peke yake, juu ya wote. Sasa huyo jamaa yangu wa kwenye hafla alisomea ustaarabu wapi?

Haya, tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo wengi tunakosea. Tukisikia "mtamu" tunafikiria keki. Mimi nasema keki ni mwenzi mbaya. Chakula kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka kuwa maji ya ndimu. Tati ya matunda isiyo na sukari nyingi, sawa. Chokoleti, hapana.

Wafaransa wenyewe wanaunywa na vitu vya mafuta na chumvi: maini ya bata aliyenoneshwa, au jibini la Roquefort, lile la maziwa ya kondoo lenye michirizi ya buluu (nayo ni ukungu, jamani!). Chumvi inavuta utamu, na uchachu uliojificha ndani ya mvinyo unakata mafuta. Bila uchachu huo Sauternes ingekuwa sharubati tu.

Sisi siku ile hatukuwa na Roquefort. Tulikuwa na korosho za chumvi na kuku wa kuchoma mwenye pilipili. Nawaambieni, utamu ulipoza pilipili, na kuku akawa kama amepakwa asali na ndimu. Upozeni vizuri kwenye friji na mmimine kidogo kidogo. Una kilevi cha asilimia 13 au 14, na utamu unaficha makali yake.

Bei yake? Kwa mshahara wa ripota, ni ya kuchangishana. Sisemi kila mtu akaununue. Ninachosema ni kwamba tuna ugonjwa wa kuuliza watu wa maana wanapenda nini kabla hatujauliza ulimi wetu. Tunafanya hivyo kwenye mvinyo, kwenye muziki, hata kwenye lugha tunayoongea tukiwa mbele ya wageni. Anayependa mkavu kwa dhati, anywe kwa raha zake. Lakini anayekunja uso kwa siri kama nilivyofanya mimi, anamfurahisha nani?

Hafla ijayo nitaomba mtamu, kwa sauti. Acha wageuke.