Simu Tunaigawa, Picha Tunazifuta



Juma hili tunaomba tutafakari pamoja jambo ambalo katika misiba yetu, tangu Iringa hadi Mbeya, kila mmoja huliona na hakuna anayelisema. Marehemu akishazikwa na matanga yakishaanuliwa, ukoo huketi. Shamba hutajwa litakuwa mikononi mwa nani, cherehani hupata mwenyewe, nguo hugawanywa, madeni husomwa. Kisha hufika zamu ya simu. Aghalabu hupewa kijana, mpwa au mdogo wa marehemu, kwa hoja kwamba yeye ndiye atakayeweza kuitumia. Kwa kuwa hajui namna ya kuifungua, huipeleka kwa fundi, pale Mwanjelwa au Miyomboni, nayo huflashiwa, ikarudi tupu kama siku ilipotoka dukani. Katika dakika hizo chache hufutika ubatizo wa watoto, komunyo ya kwanza, harusi ya binti, na pengine picha pekee ya bibi aliyetangulia miaka mitano kabla.

Tunasema bila kumumunya maneno: huo ni uharibifu wa urithi. Hufanyika mchana, mbele ya wazee wenye hekima, baada ya sala ya kufungua kikao, na hakuna anayeinua mkono kuuliza, "Je, ndani ya simu hiyo mna nini?" Tumejifunza kuuliza juu ya fedha zilizomo. Salio la M-Pesa hufuatiliwa kwa barua na vyeti mpaka lipatikane. Picha haziulizwi, kwa sababu hazina bei, na kisichokuwa na bei hakiingii katika orodha ya mali ambayo msimamizi wa mirathi huipeleka mahakamani.

Lakini tazameni yanayotokea siku ya msiba wenyewe. Inatafutwa picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Nyumba nzima inahangaika, makabati yanafunguliwa, majirani wanapigiwa simu. Mwishowe huchukuliwa picha ya kitambulisho, ikakuzwa hadi uso ukafifia. Mama aliyelea watoto wanane na kuimba kwaya maisha yake yote anaagwa kwa uso ule aliokunja mbele ya kamera ya karani wa uandikishaji. Na huku picha zake akicheka zilikuwapo, ndani ya simu ya mumewe aliyemtangulia, simu ambayo ukoo uliigawa na fundi akaifuta. Hapo ndipo tunapotambua, kwa kuchelewa, kwamba kisichokuwa na bei kilikuwa na thamani.

Hebu tulinganishe. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Walipiga picha za watu, nyumba, shule na milima ile, nazo zikatunzwa Herrnhut, Ujerumani. Leo mtu aliyeketi Mbeya mjini anaweza kuziona nyingi kati yake kwa njia ya intaneti, katika mkusanyo wa picha za kimisionari unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California. Vivyo hivyo picha ambazo Walther Dobbertin alizipiga katika nchi hii wakati wa utawala wa Wajerumani zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa lao, hifadhi ambayo mwaka 2008 ilifungua zaidi ya picha zake 80,000 zionekane na ulimwengu wote. Basi sikilizeni aibu yetu: picha za babu zetu zilizopigwa na wageni zimedumu zaidi ya miaka 100, na picha tulizopiga wenyewe, za wazazi wetu wenyewe, hazimalizi miaka mitatu baada ya kifo.

Tofauti haimo katika ubora wa kamera, maana simu ya leo inaipita mbali kamera ya mwaka 1900. Tofauti ni kwamba picha zile zilikuwa na mtu aliyekabidhiwa. Aliyezipiga alipokufa palikuwa na mwingine ambaye wajibu wake ulikuwa kuzipokea, kuziandika na kumkabidhi atakayefuata. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Na watu wa Iringa wanajua somo hili kuliko wote. Mkwawa alipokufa mwaka 1898, fuvu lilichukuliwa likapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika kifungu cha 246, ulilitaja fuvu hilo kwa maandishi kwamba lirudishwe. Lilirudi mwaka 1954, na leo lipo Kalenga, jirani na Iringa mjini. Ilichukua muda mrefu mno, lakini dai halikufa kwa kuwa lilikuwa limeandikwa. Kilichoandikwa kina mdai. Picha za marehemu wetu zimeandikwa wapi?

Kanisa nalo halina udhuru wa kutolijua hili. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaiagiza kila parokia kuwa na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, na inamtaka paroko avitunze kwa uangalifu, hata vile vya zamani. Paroko huhamishwa au hufariki, lakini kitabu hubaki. Familia ni Kanisa la nyumbani. Iweje Kanisa la nyumbani lisiwe hata na bahasha moja?

Tunajua majibu yatakayotolewa, kwa maana tumeyasikia.

Jibu la kwanza husema kwamba hayo ni mambo ya matajiri na wasomi. Si kweli. Tajiri anaweza kumlipa mpiga picha, akachapa albamu, akaweka nakala katika kompyuta tatu. Ni mkulima wa viazi wa Umalila na mama muuza mboga wa soko la Iringa ambao kumbukumbu zao zote zimo katika simu moja yenye kioo kilichopasuka. Maskini ndiye apotezaye yote kwa mara moja.

Jibu la pili husema kwamba mtandaoni hakuna kinachopotea. Huku ni kujidanganya. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na picha zilizomo, na tangu Desemba mwaka huo ikaanza kufuta. Aidha, akaunti nyingi hufunguliwa kwa msimbo unaotumwa katika namba ya simu, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, namba yake ikapewa mtu mwingine. Tena wengi wetu tulifunguliwa akaunti na muuza simu siku ile ya kununua, na neno la siri likabaki kichwani mwake, wala hatujapata kuliuliza.

Jibu la tatu ndilo zito, nalo tunaliheshimu: simu ni siri ya mtu, mwacheni azikwe na siri zake. Mwaka 2012 huko Berlin alifariki msichana wa miaka 15, na wazazi wake wakazuiwa kufungua akaunti yake ya Facebook. Tarehe 12 Julai 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba akaunti ile huwaendea warithi kama ambavyo barua na shajara huwaendea. Nasi twakumbuka kwamba zamani marehemu aliacha sanduku la barua chini ya kitanda, na hakuna aliyedai lichomwe moto kabla halijafunguliwa. Hata hivyo tunakiri kwamba si kila kilichomo ni cha kila jicho. Ndiyo maana tunasema simu isiwe ya kikao. Iwe na mrithi mmoja, mwaminifu, aliyechaguliwa na mwenyewe angali hai. Na mrithi huyo ajue kwamba kurithi si ruhusa ya kutangaza. Wanaosambaza katika makundi ya WhatsApp picha za mgonjwa akiwa mahututi, au wanaochimbua simu ya marehemu ili kumdhalilisha mjane wake, hao hawahifadhi kumbukumbu, wanavunja heshima ya maiti.

Na tukiisha kumtaja mjane, hatuwezi kunyamaza. Sheria ya mila ya urithi iliyotangazwa na Serikali mwaka 1963 iliweka kwamba mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania irekebishe sheria za namna hiyo. Shamba na nyumba vina mahakama na mawakili. Lakini ni nani atakayemtetea mjane ambaye shemeji zake wameondoka na simu yenye picha za miaka 20 ya ndoa yake? Hata anayeshikilia mila kwa mikono miwili atuoneshe mila ipi ya Wahehe, Wasafwa au Wanyakyusa iliyompa mpwa haki ya kufuta uso wa mume wa mtu.

Basi tufanye nini? Tusingoje kifo kitufundishe. Walio na akaunti za Google wajue kwamba tangu mwaka 2013 kampuni hiyo humruhusu mwenye akaunti kutaja watu hadi 10 watakaopata vitu vyake iwapo akaunti itanyamaza kwa muda aliouchagua, kati ya miezi 3 na 18. Wenye simu za Apple wanaweza, tangu mwaka 2021, kutaja warithi hadi 5, ambao kwa ufunguo maalumu na uthibitisho wa kifo watafunguliwa. Facebook ina utaratibu wake tangu 2015, ingawa aliyeteuliwa hatasoma mazungumzo ya faragha. Kazi hii haizidi nusu saa. Asiyeijua amwombe kijana wa jumuiya yake amsaidie, na vijana wasione uvivu, kwa maana hiyo nayo ni huduma.

Pili, tuandike wosia, na katika wosia tutaje simu na picha kama tunavyotaja shamba na ng'ombe. RITA hupokea na kuhifadhi wosia. Neno la siri lisiandikwe ndani ya wosia wenyewe, ambao utasomwa mbele ya wengi. Liwekwe katika bahasha iliyofungwa na akabidhiwe yule mmoja.

Tatu, tuchague. Urithi wa picha 9,000, ambazo nusu yake ni maua ya kutakiana asubuhi njema, ni mzigo tu. Kila mwaka tuchague picha 20, tuzichape kwa mpiga picha wa mjini, na nyuma ya kila moja tuandike kwa kalamu: nani, wapi, lini. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Waisraeli waliamriwa kuchukua mawe 12 kutoka Yordani ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawasimulie. Jiwe lisilo na msimulizi ni jiwe tu. Nyingi kati ya zile picha za wamisionari zimetutunzia nyuso bila majina. Tusiwafanyie wajukuu wetu vivyo hivyo, na hali majina tunayo.

Nne, na hili ni kwa wenyeviti wa vikao vya ukoo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanaoombwa kusimamia: simu ya marehemu isigawiwe wala isipelekwe kwa fundi kabla mjane au mgane na watoto hawajapata nakala ya picha zilizomo, kila inapowezekana kuifungua. Katazo hilo halimnyimi mtu kitu. Mpwa atapata simu yake mwezi mmoja baadaye. Picha zikifutwa hazirudi.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa tarehe 7 Septemba 2025, alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Kazi aliyoifanya kwa kompyuta juu ya miujiza ya Ekaristi haikuzikwa naye. Ilipata wa kuipokea, ikaendelea kuzunguka ulimwengu. Si kila mmoja wetu ataacha kazi ya namna hiyo. Lakini kila mmoja ataacha uso, na nyuso za wale anaowapenda. Kila Novemba tunawataja marehemu wetu kwa majina katika Misa, tukiamini kwamba Mungu hamsahau hata mmoja. Tusiwaombee kwa midomo huku tukiwafuta kwa mikono.

Jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, ulizaneni swali moja: mimi nikifa kesho, ni nani atakayezipokea picha zetu? Kama hakuna jina, kazi ya juma hili mmeipata.