Ngozi Isiyoonwa, Neno Lisilosikika

Wifi yangu, mkaazi wa Malindi, alikuwa na mimba ya miezi minane alipoanza kuwashwa viganja na nyayo usiku kucha, pasi na kipele hata kimoja. Akapiga picha ya kiganja, akaitia katika programu moja ya simu. Akajibiwa kwamba ngozi haina dosari, apake mafuta. Mkunga aliyemwona baadaye hakushughulika na ngozi, bali aliagiza damu ipimwe ili ini lichunguzwe. Mwasho wa namna hiyo huweza kuwa dalili ya nyongo kushindwa kutiririka, maradhi yanayoweza kumwua mtoto tumboni.

Siilaumu akili bandia kwa kila kosa. Ninalouliza ni hili: ilifunzwa kwa ngozi ya nani? Mwaka 2021, jarida la Lancet Digital Health lilichapisha uchunguzi wa hazina za picha za saratani ya ngozi zinazotumiwa kuzifunza mashine hizi. Picha zilikuwa 106,950. Zilizoandikwa aina ya ngozi ni 2,436 tu. Miongoni mwake 10 zilikuwa za ngozi ya kahawia, na moja ya ngozi iliyokoza au nyeusi. Moja! Ilhali wekundu unaotajwa vitabuni kuwa dalili, kwetu aghalabu huonekana kama zambarau, au weusi uliozidi.

Hilo la picha tuwaachie matabibu. La maneno ni letu. Shirika la Jacaranda Health lilipotoa UlizaLlama mwaka 2023, mfumo unaojibu maswali ya waja wazito kwa Kiswahili, lilifanya jambo la kushukuriwa. Lakini mama hasemi kwa lugha ya kamusi. Kamusini upele ni ugonjwa mahususi. Mitaani ni kila kinachochomoza mwilini, hata harara. Na mjamzito aliyetokwa na madoa usoni akiuliza kuhusu mkorogo, mashine isiyolijua neno hilo haitamwonya kuhusu zebaki, ambayo hupenya kondo hadi kwa mtoto. (Liwa ya bibi zetu, angalau, haikuwa na siri hiyo.)

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeandika tasnifu tele kuhusu istilahi. Ni wangapi tumeketi kwenye benchi la kliniki ya waja wazito tukasikiliza? Mimi nimeanza daftari. Lina maneno machache mno, na mama mmoja wa Ganze, msemaji wa Kigiriama, amekwisha kunisahihisha mara mbili.