Fungueni Kabureta Kwanza

Ndugu wafanyakazi, pikapu kuukuu ya shamba, Peugeot 404 au nyingine, ikila petroli kupita kiasi, bwana shamba humwita dereva mwizi na kumkata mshahara. Sisi tunapinga. Plagi zikiwa nyeusi kwa masizi na moshi ukitoka mweusi, petroli imezidi: pengine boya la kabureta limetoboka na kuzama, au sindano yake haizibi. Litikiseni boya, mtaisikia petroli ndani. Gari likichoka mlimani, kisha likapata nguvu choki ikivutwa, petroli haitoshi. Safisheni jeti na chujio. (Jeti msiichokoe kwa waya!) Tunadai kabureta ifunguliwe mbele ya mjumbe wa chama kabla dereva hajakatwa hata senti moja.