Besi Kubwa Haitaki Mabavu

Kuna kikundi cha vijana wa taarabu hapa Mji wa Kale ambacho, baada ya kuchanga kwa muda mrefu, kimejipatia besi kubwa ya kusimama. Sasa wanachanga tena, safari hii kwa ajili ya amplifaya, na kwenye baraza za Kibokoni shauri limekuwa kubwa kuliko besi yenyewe. Wengine wataka spika ya inchi 15 na wati 1,000, ili mtaa mzima ujue kwamba besi imefika. Wengine wanasema hapana haja ya kununua kitu, waya utiwe moja kwa moja katika mitambo ya mwenye kukodisha vyombo, mambo yaishe. Mimi naona rai zote mbili zitawarudisha kwenye kinanda cha umeme kabla ya mwaka kwisha.

Besi ya kusimama si ngeni katika taarabu. Unguja, ambako Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, chombo hiki husimama pamoja na fidla na kanuni kama nguzo ya nyumba, kwa mtindo uliochukuliwa kwa wapigaji wa Misri. Kwetu Mombasa desturi ilikuwa nyingine. Taarabu yetu ilikaa zaidi kwenye udi, kodiani, tabla na tashkota, na ilipohitaji sauti nzito ikachukua gitaa la besi, ambalo hubebwa begani, likatiwa waya, likalia. Basi mafundi wetu wa mitambo wamezoea gitaa, na hapo ndipo penye mtego. Gitaa la besi ni gogo, halina tumbo. Besi kubwa ni sanduku tupu la mbao, na kila sauti nzito iliyo karibu nayo huiitikia.

Ndiyo maana ukiweka spika kubwa nyuma ya mpigaji, besi huanza kuvuma yenyewe kabla hajaigusa. Sauti hutoka katika spika, hupiga tumbo la besi, tumbo hutetema, kidaka sauti huipeleka tena kwenye amplifaya, nayo hurudi na nguvu zaidi. Fundi hukimbilia kupunguza, mpigaji hasikiki, na wenye arusi husema chombo kibovu. Maskini besi!

Taabu hii si ya leo wala si yetu peke yetu. Mwaka 1946, huko Marekani, mpigaji besi Everett Hull alibuni kidaka sauti kilichofungwa katika mguu wa chuma unaosimamisha besi, na jina la amplifaya za Ampeg limetokana na mguu huo. Mwaka 1951 Leo Fender akaleta gitaa la besi la umeme, na wapigaji wengi wakaona wamepata nafuu. Nafuu walipata, lakini sauti ya mbao waliiacha nyumbani.

Sasa vijana wetu wanunue nini? Kwanza wasianze na spika. Waanze na kidaka sauti chenyewe (wenyewe hukiita pikapu, na asije mtu akadhani ni gari la kubebea mizigo), kile kinachobanwa kwenye kibao kinachoinua nyuzi. Aina hii hutoa umeme dhaifu sana, na ukiutia moja kwa moja katika mitambo ya kukodi sauti hutoka kavu na nyembamba, kama mtu anayegonga debe. Hutakiwa kupitia kwanza katika kisanduku cha pri-amplifaya kinachoweza kuupokea, chenye upinzani wa kuanzia omu milioni 1. Kisanduku hicho kiwe na kichujio cha kukata mivumo iliyo chini ya noti za besi, na swichi ya kugeuza mawimbi ya sauti juu chini, ambayo mara nyingi huuzima ule mvumo papo hapo. Fedha nyingi ziende hapa. Kidude chenyewe ni kidogo kuliko msahafu wa chuoni, na ndiyo sababu watu hawataki kukitolea fedha. Sisi twapenda kununua kinachoonekana.

Amplifaya ya wati 200 au 300, yenye spika moja ya inchi 10 au 12, yatosha. Iinuliwe juu ya kiti isivume na sakafu, iwekwe ubavuni mwa mpigaji, mbele kidogo, isielekee kifua cha besi. Kazi yake ni mpigaji na wenzake wajisikie. Ukumbi ukiwa mkubwa, waya wa pili utoke katika kile kisanduku uende kwenye mitambo mikubwa.

Mimi ni mtu wa mashairi, na hapa sitajifanya sina upande. Waliokwenda kumsikiliza marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, walikwenda kusikiliza neno. Mama anayeinuka kumtunza mwimbaji huinuka kwa sababu beti imemgusa pale penyewe. Besi ikifura, herufi humezwa, na mafumbo yaliyotungwa kwa usiku mzima huwa kelele tu.

Pia kuna jirani. Waya wa chini kabisa wa besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa yapata mita 8, kuliko upana wa vichochoro vyetu vingi. Sauti nyembamba huishia ukutani, lakini hii huzunguka pembe, huingia madirishani, humkuta mgonjwa kitandani na mtu anayetaka kuamkia alfajiri. Haki ya jirani tulifundishwa chuoni tungali wadogo, na spika ya wati 1,000 haikutolewa katika hesabu hiyo.

Kabla ya kutoa fedha, waombe kuijaribu amplifaya katika ukumbi watakaopigia, na watu wakiwamo, maana ukumbi mtupu hudanganya. Mwimbaji aimbe shairi ambalo watu hawajalisikia. Mtu mmoja asimame mlango wa nyuma, kalamu mkononi, ayaandike maneno. Akiyapata yote, wanunue.