Nani Amfukuze Nzige?

Wako watu wasemao kwamba kila chenye manufaa kitapata muuzaji na mnunuzi, na kwamba kisichouzika hakina thamani. Sisi wa Garissa tunayo sababu ya kuwakanusha.

Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya kwa njia ya Mandera na Wajir. Kundi lienealo kilomita moja ya mraba huweza kula kwa siku moja chakula cha kuwatosha watu 35,000. Basi tuwaulize wasifu soko: ni mfanyabiashara gani angekodi ndege ya kunyunyizia dawa, naye angemtoza nani? Mfugaji aliyelipa na asiyelipa wangeokoka sawasawa, kwa kuwa nzige aliyeuawa huku hali tena kule. Kila mmoja angengoja jirani yake atoe fedha, na katika kungoja huko malisho yangekwisha. Mnada wa mifugo wa Garissa ni mashuhuri, wala siudharau. Lakini ng'ombe hufungwa kamba hata mnunuzi alipe. Kinga ya nzige haifungwi kamba. Kazi ya namna hii sharti ifanywe kwa kodi ya wote, na kwa sababu hiyo nchi za Afrika Mashariki ziliunda shirika la pamoja la kupambana na nzige mwaka 1962.

Wako na wengine, ambao hoja yao ina hatari zaidi. Hawa waikubali kodi, ila huuliza: kaskazini huzalisha nini hata fedha za taifa zitumike huko? Fikira hiyo ilipata nguvu katika Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, ulioshauri fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapoleta ongezeko kubwa la mapato. Nzige wenyewe waliijibu. Kabla Januari 2020 haijaisha walikuwa wamefika Meru na Laikipia, kwenye mashamba ya rutuba. Alindaye pori la Mandera hulinda shamba la Meru.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Asiwepo wa kuiita sadaka. Vijana, mtakapokuwa walipa kodi, kumbukeni kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa wa Mandera umo katika nyumba yetu sote.