Wekeni ubao mlangoni mwa korti: barua kwa ndugu zangu wa Kolwezi

Wandugu wa Dilala na Manika, nanyi wa Kapata, Luilu na Musonoi.

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Jana usiku yaya, ndugu yangu mkubwa, alinitumia sauti kwenye simu, dakika tatu, na neno lake lilikuwa moja: kesi ya parseli ya marehemu baba imerudi mwanzo. Hakimu aliyeisikiliza amehamishwa. Aliyekuja hajawaona mashahidi, kwa hiyo mjadala unafunguliwa upya. Hii ni mara ya tatu. Mzee mmoja aliyekuwapo siku mpaka ulipowekwa, ambaye ndiye tuliyemtegemea, amekwisha kufa. Korti yenyewe siitaji.

Mnaijua ile farde ya kijani anayotembea nayo yaya. Kona zake zimelegea, kaifunga kwa kipande cha kitambaa. Ndani mna karatasi za rimizi, yaani za kuahirisha kesi, moja juu ya nyingine, kila moja na muhuri wake, na hakuna hata moja inayosema kwa nini kesi iliahirishwa. Tangu kobalti ionekane chini ya nyumba za Kasulo mwaka 2014, kila kipande cha udongo Kolwezi kimepata wagombanaji. Tena ni mji huo huo ambao mahakimu wanapita kama abiria wa basi la Likasi.

Sasa sikieni kilichonichoma. Novemba 2024, wakuu wetu walipokuwa wakijiandaa kukaa Kinshasa kwenye États généraux kuulizana kwa nini haki ya Kongo inaitwa mgonjwa, mimi nilikuwa Des Moines, Iowa, nikipiga kura yangu ya kwanza. Nikageuza karatasi ya kura, na nyuma yake nikakuta majina ya mahakimu wa korti ya hapa kaunti ya Polk, hawa wa ngazi ya kwanza wanaosikiliza kesi za wizi, talaka na madeni. Mbele ya kila jina pana swali: abaki kazini au aondoke? Nilisimama pale na kalamu mkononi mpaka mwenye zamu nyuma yangu akakohoa.

Hapa Iowa mambo yako hivyo tangu 1962. Kamati inachuja majina, gavana anateua mmoja. Hakimu akishafanya kazi angalau mwaka mmoja, watu wanaulizwa juu yake, na akibaki wanaulizwa tena kila miaka 6, hadi afikishe miaka 72 avue joho. Kabla ya kura, chama cha mawakili kinampa alama na kuzichapisha kila mtu azione: anaijua sheria? Anasikiliza? Ana adabu kwa watu? Anatoa hukumu kwa wakati? Nilipofika kwenye swali hilo la mwisho nikaikumbuka farde ya kijani.

Siombi mahakimu wetu wapigiwe kura. Najua ingekuwaje: fulana, bia, pesa za wenye maghala ya madini, na hakimu angeingia ofisini akiwa na deni la watu. Ninachoomba ni ubao. Ubao wa mbao, wenye plastiki juu kwa ajili ya mvua ya Desemba, upigiliwe misumari mlangoni mwa kila korti ya Lualaba. Juu liandikwe jina la hakimu na siku aliyofika. Chini zipangwe kesi alizonazo kwa namba zake: iliingia lini, imeahirishwa mara ngapi na kwa sababu gani, hukumu imesomwa lini. Akihamishwa, iandikwe kesi zipi ameziacha katikati na nani amezipokea. Na uandikwe kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake, ili mama anayeuza bukari nje ya korti ausome bila kumlipa mtu.

Msiniambie kwamba ni mambo ya wazungu. Katiba yetu ya 2006 imesema yote. Kifungu cha 20: kesi husikilizwa hadharani. Kifungu cha 21: hukumu iandikwe, itoe sababu zake, isomwe mbele ya watu. Kifungu cha 150: hakimu hahamishwi ovyo, na Baraza Kuu la Mahakimu likitaka kumzungusha lazima litoe sababu. Sababu hizo nani kati yenu amewahi kuzisoma? Wakubwa wa hakimu wanampa alama zake kila mwaka, lakini karatasi ile inalala kwenye faili.

Wengine watasema ubao utawaaibisha mahakimu. Mimi nasema utawalinda. Tarehe 6 Novemba 1998, kwa dekrii moja, mahakimu na waendesha mashtaka 315 walifukuzwa kazi nchi nzima. 68 kati yao walikwenda kudai kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, nayo ikawapa haki mwaka 2003, miaka mitano baadaye. Hakimu ambaye kazi yake inaonekana mlangoni, hesabu yake ikijulikana sokoni na kanisani, si rahisi kumfuta kwa kalamu ya usiku.

Nanyi, wandugu, niwaseme kidogo, maana nawapenda. Kesi ikikwama hamuulizi mlangoni. Mnatafuta mtu wa kuongea na hakimu, mnampelekea grefie, karani wa korti, pesa ya sukre, kisha mnarudi nyumbani kulaani serikali. Sukre hiyo imemzoesha kuificha tarehe ili muinunue.

Najua mtakachonijibu: wewe uliondoka. Ni kweli. Nina licence ya sheria kutoka Lubumbashi. Wenzangu wa darasani walifanya shindano la mahakimu la 2022, na wako wanaovaa joho leo. Mimi nilikuwa tayari huku, zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, visu na baridi. Baba alikufa nikiwa kwenye zamu hiyo. Parseli anayoipigania yaya peke yake ina jina langu pia, na pesa ninazotuma kila mwezi hazikai kwenye benchi la korti badala yangu. Mbao na misumari nitalipia mimi. Seremala wa Manika aniambie bei.

Yaya anaitwa tena mwezi ujao, asubuhi. Korti ni ya wazi, hakuna wa kuwazuia kuingia. Nendeni mkae naye benchi la mbele, na hakimu akitaja rimizi, simameni mmuulize sababu, kisha muiandike.