Mtoto ni wa Nani Mbele ya Kodi?

Mwanachama mmoja ametuletea barua ya dadaye akaaye Marekani, naye ataka tumfumbulie. Bibi huyo aliachana na mumewe, na watoto wawili wakabaki kwake. Mume hutoa fedha za matunzo kila mwezi bila kukosa, na kwa hilo twamsifu. Lakini sasa asema ya kwamba ataandika majina ya watoto katika hesabu yake ya kodi ya mapato, kwa kuwa mtoto ni wa baba, na kwa kuwa yeye ndiye alipaye. Wazee wa pande zote mbili wamekwisha kukaa baraza, wakampa haki mume.

Sisi twaona wamekosea.

Huenda msomaji akastaajabu, maana kwetu kodi ya mshahara haimjui mtoto. Tanzania haimhesabu kabisa; Kenya humpunguzia kila mlipaji mkaazi shilingi 2,400 kwa mwezi, awe na watoto kumi au asiwe na hata mmoja. Kule Marekani sivyo. Kwa mwaka 2025 mzazi aweza kupunguziwa hata dola 2,200 kwa kila mtoto ambaye hajatimiza miaka 17 mwaka uishapo. Kwa watoto wawili ni dola 4,400, wala hizo si fedha za kununulia sabuni.

Na sheria yao haiulizi ukoo, wala haiulizi nani ametoa fedha nyingi. Yauliza mtoto amelala kwa nani usiku mwingi zaidi katika mwaka. Akilala kwa rafiki yake, usiku ule huhesabiwa kwa mzazi ambaye angelala kwake. Mwaka wa siku 365 haugawanyiki nusu kwa nusu, lakini mwaka 2024 ulikuwa na siku 366. Basi wazazi wakipata usiku 183 kila mmoja, mwenye mapato makubwa ndiye ahesabiwaye kuwa mlezi. Zamani haikuwa hivi. Kabla ya mwaka 1985 wazazi walishindana kwa risiti, kila mmoja akidai amelisha zaidi, hata Serikali ikachoka kuwa mwamuzi wa viatu na maziwa.

Twaiheshimu desturi ya ukoo, ingawa si makabila yetu yote yasemayo mtoto ni wa baba. Waulizeni Wamakonde na Wamwera. Lakini desturi humpa mtoto jina na wazee wa kumsemea. Haimwamshi usiku akiwa na homa, wala haimkoseshi mtu siku ya kazi kwa sababu shule imefungwa. Mzazi apatwaye na hayo ndiye sheria imtazamaye, nasi twaona ni haki.

Mume naye hakufungiwa mlango. Mlezi akipenda, hutia sahihi fomu nambari 8332, na baba akaiambatisha na hesabu yake. Kwa talaka za baada ya mwaka 2008, karatasi ya hukumu peke yake haitoshi badala ya fomu hiyo. Na hata ikitiwa sahihi, fungu la mkuu wa nyumba na msaada wa gharama za kulelesha mtoto haviendi kwa baba.

Fomu hiyo ina mahali pa mwaka mmoja na mahali pa miaka ijayo. Twamsihi bibi huyo, akikubali kwa ajili ya amani, atie sahihi ya mwaka mmoja tu, maana kuitangua ile ya miaka ijayo hakufai kitu ila kuanzia mwaka ufuatao ule aliompa mwenziwe habari.

Na ikiwa mume amekwisha kutangulia kupeleka hesabu, bibi asikate tamaa. Aweza kupeleka yake kwa karatasi. Wenye kodi wakiwaandikia wote wawili kutaka ushahidi, barua ya shule na ya daktari zenye anwani ya watoto zitamfaa. Azitafute sasa, kabla shule haijafungwa.